Nyumba ya Dobi Nyuma ya Hoteli

Ndugu yangu unayesoma, wewe nakuambia kwa sababu najua utanisubiri nimalize ndipo ucheke. Wengine hapa Bariadi hawakusubiri. Nikipita sokoni naitwa mama wa hotelini. Akina mama wa jumuiya yetu, tukishamaliza rozari, wananiuliza kama ni kweli nililala kwenye kitanda chenye chandarua kikubwa kama hema la askofu. Ni kweli, nililala. Lakini habari ya kitanda ni ndogo. Kubwa ni ya mjukuu wangu na mahali alipozaliwa, na hiyo sijamwambia mtu yote kwa mpangilio. Nakuambia wewe.

Binti yangu wa kwanza aliolewa na kijana wa Tanga. Walikutana chuoni, wakafunga ndoa kanisani kwetu, ng'ombe wakatolewa kama inavyotakiwa, na baba yake hakuwa na neno. Kijana alikuwa mhudumu kwenye hoteli moja kubwa ya zamani, imejengwa tangu enzi za Wajerumani, inatazama bahari. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo sana.

Mimba ya kwanza ya binti yangu ilitoka. Nilipata habari nikiwa shambani na sikuweza kufika. Alipobeba ya pili nilipiga magoti nikamwambia Mungu kwamba huyu atazaliwa mikononi mwangu. Na kwetu ndivyo ilivyo hata bila kuomba: mtoto wa kwanza wa binti anazaliwa kwa mama. Binti anarudi nyumbani mimba ikiwa kubwa, mama anamkanda, anampikia uji, anamfundisha kumshika mtoto. Akipata nguvu anarudishwa kwa mumewe amenenepa.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuja na malori yao, hatukusubiri tena chama cha ushirika peke yake. Tulipouza, mzee wangu akasema, "Nenda umlete mtoto. Nauli ipo." Hakusema neno lingine. Nikafunga michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga na unga wa mtama, nikapanda lori mpaka Shinyanga, treni mpaka Dar, basi mpaka Tanga.

Sasa hapo kuna jambo lazima nikueleze, maana bila hilo hutanielewa. Kwetu mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatushikani mikono. Hatuonani tukila. Na hatulali chini ya paa moja. Siku hizi wapo wanaoacha, na katekista wetu ananitania kwamba Yesu alimponya mama mkwe wa Petro nyumbani kwa Petro mwenyewe, na Petro alikuwepo. Namjibu kwamba Maandiko hayasemi usiku ule Petro alilala wapi. Mimi nililelewa hivyo pale Kalemela, mama yangu alilelewa hivyo, na dini haijawahi kunikataza heshima.

Binti yangu na mumewe walikuwa na chumba kimoja cha kupanga. Nisingeweza kulala humo. Lakini ilitokea kwamba hoteli ilikuwa inauzwa. Serikali ilikuwa inaiachia, mwenye mali mpya alikuwa karibu kuja kuifunga kwa matengenezo, na wageni walikuwa wamebaki wachache mno. Meneja akawaambia wafanyakazi kila mmoja anaweza kumleta mzazi wake alale siku kadhaa, waage hoteli yao vizuri. Mkwilima wangu, asiye na mama, akaniandikisha mimi.

Niliposhuka pale mbele nilisimama na mzigo wangu kichwani. Nguzo nyeupe, nene kuliko mibuyu midogo. Ngazi za mawe zilizolika katikati kwa kukanyagwa. Ndani sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, na feni juu zinazunguka polepole kama zimechoka na zenyewe. Binti yangu akanishika mkono. Tumbo lake lilikuwa zuri, limekaa juu.

"Mayu, karibu. Tunalala wote wawili, mimi na wewe, mpaka siku zako ziishe."

"Na mwenzako analala wapi?"

"Wiki hii yuko zamu ya usiku mapokezi. Analala kwenye benchi pale chini."

"Pale chini ni chini ya paa lipi?"

"Mayu! Hii hoteli ina vyumba kama kijiji kizima."

"Kijiji kina mapaa mengi. Hapa nimeangalia, paa ni moja."

Palikuwa na mama mmoja mnene, msimamizi wa vyumba, amefunga leso mbili na funguo nyingi kiunoni. Alikuwa anatusikiliza bila kujificha. Akapiga makofi. "Haya, leo hoteli imepata mkaguzi! Wenzio wanauliza maji ya moto, huyu anauliza paa!"

"Shikamoo, mama," nikamwambia, maana alinizidi umri.

"Marahaba, mwanangu. Mkweo huyo hana makuu, atabadilisha zamu. Kwa adabu uliyokuja nayo hata mimi ningebadilisha."

Akabadilisha kweli. Akaingia zamu ya mchana, usiku akawa anaenda kulala kwao. Ndipo nikapanda juu, nikaona kile kitanda chenye chandarua, na bafu lenye beseni refu la kuoga ambalo ndama angelala humo akajinyoosha. Mlango wa kwenye baraza ulikuwa wa vibao vilivyolala, vile vinavyopitisha upepo. Mlango wa kwenye korido nao ulikuwa hivyohivyo. Sauti inapita, jicho halipiti. Nilizipenda sana zile mbao siku ya kwanza, na sikujua bado zitanifanyia kazi gani.

Tatizo lilikuja saa ya chakula. Sikufikiria kwamba mtu wa zamu ya mchana ndiye anayehudumia mezani. Tumekaa kwenye ukumbi mkubwa, mbele yangu vijiko na uma vimepangwa kama vyombo vya daktari, nikaona viatu vyeusi vimeng'arishwa vinakuja. Nikajua. Nikavuta khanga usoni. Yeye naye akajua, akageuka akaangalia ukutani na sinia lake la supu mkononi. Tukabaki hivyo, mimi kwenye khanga, yeye ukutani, supu inapoa.

Yule mama wa funguo alicheka mpaka akashika kiti. "Jamani! Mkwe anakuletea supu unamkimbia! Angekuletea fimbo ungefanyaje?"

Binti yangu alicheka na yeye, kisha akachukua sinia, tukapanda nalo juu. Kuanzia hapo mkwilima akawa analeta chakula mpaka mlangoni kwetu. Anagonga, anaweka chini, anaondoka. Mimi nasubiri mpaka miguu yake iishe kwenye ngazi, ndipo nafungua. Samaki wa nazi, wali, maembe yaliyokatwa kama maua. Nilikula vizuri. Nasema ukweli, sijawahi kula vizuri hivyo.

Siku ya pili jioni aligonga, akaweka, lakini miguu haikuondoka. Nikasikia sauti ya kijana inatoka kwenye vibao: "Mwangaluka, mayu."

Hiyo ni salamu yetu, lakini ni ya asubuhi, na jua lilikuwa linazama. Nikajibu hivyohivyo. Mtu amejifunza salamu yako, huwezi kumrudisha nayo.

Nikamwita binti akae kwenye kiti kando ya mlango. Nyumbani maneno ya mimi na mkwilima yangepitia kwa shangazi yake. Hapa shangazi hakuwepo.

"Mwambie baba wa nyumba yako," nikasema, "nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mayu anasema amekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mwambie mama nimesikia," ikajibu ile sauti.

"Anasema amesikia."

"Mwambie na mimi nimesikia kwamba amesikia."

Binti akaangua kicheko. "Sasa mimi nipo hapa kwa kazi gani?"

"Kazi yako ni heshima. Endelea."

Nikasema yote. Kwamba kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama. Kwamba baba yake amenituma nirudi naye. Kwamba nyumbani maziwa yapo, mtama upo, na masista wana zahanati nzuri isiyo mbali. Binti alirudia kila neno. Kisha sauti ikasema, "Mwambie mama siwezi kumruhusu."

Nikajiuliza kama huyu ndiye yule mpole aliyebadilisha zamu. "Muulize kwa nini."

Nilipomtazama binti yangu nikaona ameinamisha kichwa. Hakulirudia swali.

"Mayu," akasema polepole, "ile ya kwanza haikutoka hapa. Ilitoka njiani. Tulikuwa kwenye basi tunakuja Bariadi, tulitaka kuwashtua. Ilianza kabla hatujafika mbali, tukashuka, tukarudi. Nilimkataza asiwaambie. Nilijua baba atasema imenitoka kwa sababu ya mume wangu."

Kutoka nje ya mlango kijana akasema, bila kupitia kwa mtu, "Mama, daktari amesema asisafiri safari ndefu mpaka ajifungue. Hata asingesema, mimi ile barabara siiwezi tena. Nilimbeba mimi."

Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimekuja na hasira ndogo mfukoni kwa ajili ya kijana mkaidi, na hakuwepo kijana mkaidi. Alikuwepo mtu anayeogopa kitu kilekile nilichokiogopa mimi.

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza binti.

"Nataka nizae pale ulipo, mayu. Lakini barabara naiogopa."

Basi ona nilivyobanwa. Yeye hawezi kuja kwangu. Mimi siwezi kulala kwao. Hoteli itafungwa na mimi nitatolewa nje na michembe yangu, na mtoto miezi yake haijafika. Nikachukua rozari nikakaa barazani. Sikupata jibu. Nilipata usingizi, na kwa huo nao nilimshukuru Mungu.

Asubuhi nikashuka ufukweni na khanga zangu kufua. Usinicheke hapa. Darasa la jioni, lile la kisomo cha watu wazima, mwalimu alitufundisha kwamba maji ya bahari yana chumvi, na mtihani niliandika hivyo, nikapata. Lakini mimi ni mtoto wa Kalemela. Nimekulia kwenye ziwa. Macho yakishaona maji yasiyo na mwisho, mikono inachukua nguo. Nilifua, sabuni haitoi povu, nikadhani ni sabuni hizi mpya za madukani siku hizi. Nikaanika kwenye mwamba. Nilipozirudia zilikuwa zimekakamaa kama ngozi ya mbuzi, nikizikunja zinalia.

Yule mama wa funguo alinikuta nazo ngazini. "Mwanangu, unaenda kuezeka nyumba na mabati hayo?"

"Nimefua, mama."

"Umefulia wapi? Usiniambie baharini! Ee Mola, njoo. Njoo huku nyuma kwenye maji ya bomba kabla wageni hawajadhani tumeanza kuuza ngozi."

Akanipeleka nyuma ya hoteli. Huko kulikuwa na nyumba ndogo ya mawe, chokaa imebabuka, mlango mmoja, madirisha mawili. Ilikuwa nyumba ya dobi zamani, akanieleza, walikuwa wanachemsha mashuka humo kabla hoteli haijapata mashine. Mbele kuna bomba la maji baridi. Ndani nikaona meko makubwa ya mawe, na chumba cha nyuma kilichokuwa cha kukunjia nguo. Pakavu. Panaingia upepo.

Niliacha khanga zangu kwenye ndoo.

"Nani analala humu?"

"Nani alale? Panya, tena wa serikali, bado hawajauzwa."

Nikatoka nje nikaanza kuizunguka. Nikaenda nyuma, nikarudi mbele, kichwa kimeinuka. Yule mama akanifuata, funguo zinalia. "Unatafuta nini tena huko juu?"

"Paa, mama. Hili ni la peke yake?"

Aliponielewa aliacha kucheka. Akazunguka na yeye. Tukawa wanawake wawili wazima tunazunguka nyumba ya dobi tukiangalia juu. Na upande wa hoteli tukaikuta: gata, ule mfereji wa bati wa kupitishia maji ya mvua, umetoka kwenye paa kubwa umekuja mpaka kwenye paa dogo. Umeoza, umetoboka, haupitishi hata tone. Lakini umegusa huku na umegusa kule.

"Hiyo siyo paa," akasema.

"Imeunganisha mapaa."

"Mwanangu, hiyo ni kutu."

"Kutu iliyounganisha."

Akanitazama sana. Nilidhani atanikasirikia. Akasema, "Kaa hapo," akaondoka haraka kuliko unene wake.

Nilikaa ndani ya nyumba ya dobi, kwenye ukingo wa meko. Baada ya muda nikasikia ngazi ya mbao inaburutwa. Nikachungulia dirishani. Alikuwa mkwilima wangu na sare yake nyeupe ya kuhudumia mezani, kola imefungwa, amenipa mgongo kabisa. Alikuwa amepanda ngazi na bisibisi mkononi. Hakugeuka hata mara moja. Alifungua kipande kimoja, akakishusha chini taratibu kama mtu anayeshusha mtoto, akarudi cha pili. Kutu ilimdondokea kwenye sare mpaka mgongo ukawa mwekundu kama barabara ya kwetu. Alipomaliza, kati ya paa na paa pakabaki anga tupu.

Bado amenipa mgongo, akasema, "Mwambie mama," na hapakuwa na mtu wa kuambiwa, "nimeshaongea na meneja. Amesema mkae humu mpaka mafundi waje, na mafundi wataanzia mbele."

Nikasema, "Mwambie nimesikia."

Yule mama wa funguo, aliyekuwa chini ameshika ngazi, akapaza sauti, "Anasema amesikia! Na mimi nimesikia! Na panya wamesikia!"

Siku ile ile nilitafuta mawe matatu ya mafiga, maana kwetu nyumba ni ya yule aliyepanga mafiga. Yale meko makubwa yalikuwa ya kuchemshia mashuka, siyo ya kumpikia mtoto. Niliyachagua mwenyewe nyuma ya ukuta, nikayaosha, nikayapanga chumbani mbele, nikawasha moto wangu, nikapika uji wa mtama nilioubeba kutoka Bariadi. Binti yangu akahamisha nguo zake. Alipoingia alisimama akavuta hewa. "Pananukia nyumbani," akasema, na akakaa chini kwenye mkeka kama alivyokuwa anakaa akiwa msichana, miguu imenyooshwa mbele.

Tulikaa hapo tukisubiri. Nilimkanda, nikamkataza kuinua ndoo, nikamsalisha asubuhi na jioni. Jumapili tulienda kanisani taratibu, tukipumzika kila penye kivuli. Mumewe alikuwa analeta samaki anaweka kwenye kizingiti, anasalimia, sasa salamu ya jioni anaijua, anaondoka. Wakati mwingine mimi nilienda kukaa ufukweni makusudi ili waongee wenyewe. Nilikuwa nimeanza kuizoea bahari. Sikufua tena humo.

Mtoto alizaliwa hospitali ya mjini, salama, wa kike, analia kwa nguvu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje na rozari, na kwenye benchi la pili, amenipa mgongo, alikaa baba yake. Nesi alipotoka alituangalia, akauliza, "Nyinyi mmegombana?" Wote wawili tukasema hapana kwa pamoja. Tukarudi na mtoto kwenye nyumba ya dobi, nikamwogesha kwa maji ya moto wa mawe yangu.

Lilikuwa limebaki jambo moja lililonisumbua, nalo ni mzee wangu. Alinituma nirudi na binti azalie nyumbani. Padre wa pale alinisaidia, akaomba kwenye redio ya parokia, ile ya kuitana mbali, mpaka wakaipata parokia ya kwetu. Mzee aliitwa akaja parokiani. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kama mahindi kwenye kikaango.

"Kazaliwa?"

"Kazaliwa. Wa kike. Mzima."

"Kazaliwa wapi?"

Nikamweleza hospitali, kisha nyumba, paa, gata na mgongo wa mkwilima. Nilieleza sana, padre akawa anaangalia saa.

"Mafiga ni ya nani?"

"Ya kwangu. Niliyapanga mwenyewe."

"Moto?"

"Wa kwangu."

"Basi kazaliwa kwetu," akasema. "Mwambie mkwilima nimesikia."

Sasa hoteli imepakwa rangi mpya, wanasema ina wageni kutoka kila nchi. Sijui kama nyumba ya dobi waliiacha. Mjukuu wangu anakuja likizo, mrefu, anaongea Kiswahili cha Tanga kinachopanda na kushuka, na wenzake wakimuuliza alizaliwa wapi anajibu, "Kwa bibi." Hakosei.

Basi ndugu yangu, nakuomba kitu kimoja. Unamjua mama mwenye binti aliyeolewa mbali, anayelala akiwaza jinsi ya kumrudisha. Kila mtaa yupo. Mpelekee habari hii. Kama hajui kusoma, msomee wewe jioni mkiwa mmekaa, na ukifika pale kwenye khanga zilizokauka na chumvi mruhusu acheke. Kisha mwambie apeleke kwa mwingine.